Vidole Vitatu vya Mvi

Bango la mwaka mpya limefika kutoka Dubai,
limekunjwa kama mkeka.
Bi Ghaniya kalibandika juu ya kioo:
vichwa kumi na viwili, vyote vya watu wasiojua jasho.
"Soma," kaniambia. "Wakikuuliza, usiseme hujui."

Nikasoma. Mwaka huu ni shaba.
Mwaka huu ni mdalasini, ni zambarau iliyopitiliza kuiva,
ni kahawa iliyotiwa maziwa kwa kijiko, si kwa kikombe.
Rangi ya majivu imekwisha, wamesema.
Imekwisha! Na mimi kabatini nina tyubu arobaini.

Wiki ya mwisho ya Disemba hapa Mabela hatuli ila wima.
Wasichana wa chuo wanaingia watatu watatu,
simu mbele kama tochi:
nataka bobu, iguse taya;
nataka panja zinyolewe, lakini baba asijue.
Leya, blichi, draya,
harufu ya dawa inapambana na udi
na udi unashindwa.
Bibi harusi wa Sohar alitaka shaba mpaka kwenye nyusi.
Mama yake akauliza: hina ina kosa gani?
Nikanyamaza. Mimi wa Tanga, hina imenilea.
Haikuahidi kitu. Inakurudishia zako zile zile,
zimeota jua kidogo.

Alhamisi, tarehe mosi, kabla ya adhuhuri,
akaingia Bi Shinuna.

Miezi minne na siku kumi
tulikuwa tukipita kwake, tukitoa pole, tukirudi.
Eda ilikwisha jana.
Akakaa kiti cha pili, akavua shela,
msuko mmoja ukateremka hadi kiunoni,
mweusi wa piko, mweusi wa miaka,
na huku utosini, kwenye mashina,
vidole vitatu vya mvi.

Nikaiona eda yake yote pale,
imepimwa sawasawa kuliko kalenda.

Nikanyoosha mkono kwenye kopo la piko.
Akanizuia. Akalitazama bango kwa muda,
kama mtu anayesoma bei.
"Hiyo ya tatu. Inaitwaje?"
Shaba, bibi.
"Itashika?"
Kwenye mvi itawaka. Kwenye piko itakataa.
"Basi kata inayokataa."

Draya zikazimwa, zote.
Mmoja akasema, Bi Shinuna, watu watasemaje?
Akainua shela kwa ncha ya kidole:
"Watu gani? Watapitia wapi?"

Nikakata.
Mkasi ulilia kwenye ule msuko kama unatafuna makuti.
Wakati wa kuosha akauliza kama tuna majani ya mkunazi.
Hatuna, nikasema, tuna shampuu ya Korea.
"Afadhali," akasema, macho kafumba.
"Mkunazi niliunusa mwezi wa nane. Umenitosha."

Msuko ulibaki sakafuni.
Kuufagia pamoja na nywele za wasichana wa chuo
niliona haya.
Nikauviringisha kwenye taulo, nikampa.
Akautia mkobani, kati ya miwani na tasbihi.
"Nitaufukia mwenyewe."

Dakika thelathini na tano za rangi.
Nilipoifuta mara ya mwisho,
kichwa kilikuwa kidogo, kama cha mtoto aliyetoka kuumwa,
na kinang'aa kama buli la shaba lililosuguliwa kwa ndimu.
Hakucheka. Aligeuza shavu huku, akageuza kule,
akasema, "Masikio yangu haya. Nilikuwa nimeyasahau."

Kisha shela, pini, pini nyingine.
Akatoka mweusi tii kama alivyoingia.
Dirishani nilimwona amesimama kando ya gari,
funguo mkononi, haufungui mlango,
kidole kimoja kimepenya chini ya kitambaa
kinapapasa kisogo.

Jioni, Bi Ghaniya akihesabu riyali,
akaniuliza: huyu wa kiti cha pili
mbona umemtoza nusu?

Nywele zilikuwa fupi, nikasema.